Inchi 3, 4 au 7? Kisu cha kambini na cha nyumbani

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Iringa na mlezi wa skauti. Nataka kununua kisu kimoja cha ala, si cha kukunja, nikitumie kambini na nyumbani pia: kumenya, kuchinja kuku, kuchuna mbuzi mara mojamoja, kukata kamba, kazi ndogondogo za bustani. Muuzaji amenionyesha vitatu, cha inchi 3, cha inchi 4 na cha inchi 7, na anasisitiza hicho kikubwa. Anasema kikubwa kitafanya kazi ya kidogo, lakini kidogo hakiwezi kazi ya kikubwa. Bei hazipishani sana. Hicho cha inchi 7 kina unene wa milimita 5, anasema ndiyo uimara wenyewe. Nyumbani panga ninalo. Je, ni kweli? Na vijana wangu wa miaka 13 na 14 wanunue kipi?

JIBU: Mwalimu, chukua cha inchi 4, yaani urefu wa bapa, chuma chenye makali, bila mpini. Sababu umeitaja mwenyewe: panga unalo.

Alichokuambia muuzaji si uongo, ila kinamhusu mtu mwingine. Kisu cha inchi 7 ni mtoto wa vita. Kinachojulikana zaidi cha ukubwa huo, KA-BAR, kilianza kutumiwa na askari wa majini wa Marekani mwaka 1942, na kilitakiwa kiwe silaha na papo hapo kiwe kifaa cha kambi. Raia wa kule walioendelea kukipenda hukitumia kupasulia kuni na kufyekea vijiti kwa sababu wengi wao hawaendi porini na panga. Sisi kazi hizo zina chombo chake. Panga la kawaida la dukani bapa lake ni refu mara mbili na zaidi ya hicho kisu, uzito umekaa mbele, likishuka linakata lenyewe. Kisu cha inchi 7 ukikipeleka kufyeka kitakuchosha mkono kichaka kikiwa bado kimesimama, na ukikirudisha jikoni kumenya kitunguu kitakusumbua upya.

Panga likishachukua kazi zake, kazi zinazobaki kwa kisu karibu zote hufanywa na makali yaliyo jirani na mpini. Ukichonga kigingi cha hema unakata kwa sehemu iliyo karibu na kidole cha shahada, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya mkono inapofika. Sentimita 15 mbele ya hapo kifundo cha mkono ndicho kinachobeba mzigo, na kinaumia. Ncha nayo ni hivyohivyo. Kadiri inavyokwenda mbali na mkono ndivyo unavyokosa kujua iko wapi.

Hili la ncha utalielewa siku ya mbuzi. Kaning'inizwa kwa miguu ya nyuma, ngozi imeshatoka, sasa unafungua tumbo. Unatoboa tundu dogo karibu na nyonga, unaingiza vidole viwili vilivyoachana, cha shahada na cha kati, unakiweka kisu katikati yake makali yakitazama nje, na unateremka taratibu mpaka kidarini huku vidole vikiyasukuma matumbo yasiguse chuma. Kwa kisu cha inchi 4 ncha inapita kucha zako kidogo tu, na unaihisi. Kwa cha inchi 7 ncha imetangulia ndani ya mnyama, vidole vimebaki nyuma, haina wa kuilinda. Ikigusa utumbo au kibofu, nyama iliyokuwa iliwe jioni unaanza kuiosha na kuikatakata kuokoa kilichobaki. Watu wa machinjioni, ni kweli, wengi hutumia visu vya kuchunia vya inchi 5 au 6. Ila vile ni vyembamba sana, na mikono yao inashinda kwenye kazi hiyo kuanzia alfajiri.

Sasa unene, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Kisu cha milimita 5 hakikati kiazi, kinakipasua. Makali yanaingia vizuri, halafu mabega ya bapa yanasukuma pande mbili, na kiazi kinavunjika kwa mlio kabla hujafika chini. Karoti ndiyo kabisa. Unene hauongezi ukali hata kidogo. Unachoongeza ni ugumu wa kupinda, na huo unaongezeka haraka mno: ukizidisha unene mara mbili, bapa linakuwa gumu kupinda mara nane. Hiyo ni faida kwa anayetaka kubandulia mbao au kung'olea misumari. Kwa kazi hizo mimi ningekuuzia mtaimbo.

Tazama Waswidi, ambao wamekaa na visu msituni kwa vizazi. Kisu chao cha kazi cha bei nafuu, Morakniv Companion, kutoka eneo la mji wa Mora, bapa lake linazidi sentimita 10 kidogo tu na unene ni milimita 2.5. Jeshi lao la anga lilipochagua kisu cha kujiokolea kwa marubani, mwaka 1995, lilichukua Fallkniven F1, chenye bapa la sentimita 9.7. Rubani aliyeangukia msituni, peke yake, hana shoka wala panga, na bado hawakumpa inchi 7. Walichompa ni unene, milimita 4.5, kwa sababu hicho kisu ndicho kila kitu alichonacho. Wewe huna shida hiyo. Tafuta milimita 2.5 hadi 3, na usivuke 3.5.

Ukienda dukani beba chungwa. Limenye kama wanavyomenya wauza machungwa wa stendi, utepe mmoja kuanzia juu mpaka chini, weupe ubaki kwenye tunda. Kisu kinene kitakata utepe kila nusu mzunguko au kitazama kwenye nyama ya chungwa. Kirefu kitakulazimisha ushike bapa badala ya mpini. Visu vingine vipya vinatoka kiwandani butu, kwa hiyo mwombe muuzaji apitishe kwenye kinoo kwanza. Akikataa chungwa lako, hilo nalo ni jibu.

Cha inchi 3 sikidharau. Kiunoni hukisikii, na kwa kumenya, kukata kamba au kuparua samaki hakina mpinzani. Tatizo lake mara nyingi si bapa, ni mpini, kwa sababu viwanda hupunguza vyote viwili kwa pamoja. Pima mpini kabla ya bapa: unahitaji sentimita 10 au 11 ili vidole vinne vienee. Kidole kidogo kikining'inia nje, siku mkono una mafuta ya nyama utateleza kuelekea makali. Ukikuta cha inchi 3 chenye mpini kamili, kitakufaa, ila papai na tikiti utakuwa unalizunguka tu, na mkate wa kambi nzima utakuchosha.

Angalia na msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ukienda mpaka mwisho wa mpini na ukauona pembeni, vizuri. Ukiishia ndani si lazima uwe mbaya, hata huo wa Companion haufiki mwisho na visu hivyo vinadumu. Wa kuukimbia ni ule mfupi wenye unene wa msumari, uliogundishwa kwenye plastiki yenye uwazi ndani. Gonga mpini kwenye kaunta. Ukisikia mlio wa debe tupu, rudisha.

Kuna njia nyingine ambayo muuzaji wako hataitaja: mhunzi. Iwe Kamukunji kule Nairobi au kibanda cha nyuma ya gereji hapo mjini kwenu, wahunzi wengi hufua visu kwa springi za gari, na chuma hicho ni kizuri. Hakimeguki ovyo, kinashika makali, na kinanoleka kwa kinoo cha kawaida. Kasoro ya visu vyao ni unene uleule. Springi yenyewe ni nene, na kuipunguza kunakula mkaa, tupa na muda, kwa hiyo fundi huishia njiani mteja asipomdai. Mdai. Mwambie mgongo wa kisu uwe milimita 3 na bapa lishuke lote kuelekea makali, lisiwe lile linalobaki nene mpaka chini kisha kunolewa ukingo tu. Chora umbo na urefu kwenye kadibodi, mpelekee. Chuma hicho kinashika kutu, na ndimu itakiacha na madoa meusi usiku mmoja. Iringa utakimudu kwa kukifuta na kukipaka mafuta ya kupikia. Ungekuwa Tanga au Unguja, kwa chumvi ile ya hewani, ningekuambia uchukue chuma kisichoshika kutu moja kwa moja. Popote ulipo, usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi inatunza unyevu.

Panga nalo liende kambini, moja kwa kikosi, mikononi mwa mtu mzima. Mkienda Kilimanjaro liacheni: kuwasha kuni mlimani kumekatazwa, wapishi wanatumia majiko ya gesi, huna cha kufyeka wala cha kupasua. Hapo inchi 4 inatosha kabisa. Njiani kisu kikae ndani ya begi, si kiunoni, na kwenye ndege kiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa.

Vijana wako wape inchi 3, 3.5 ikizidi sana, kiwe chembamba, mpini unaowaenea, na chenye kizuizi cha kidole kati ya mpini na makali. Wasipewe butu kwa kuogopa. Butu hudai nguvu, na mkono uliotiwa nguvu ndio unaoteleza. Wafundishe kwanza kukaa: viwiko juu ya magoti, kazi ifanyikie mbele ya magoti, kamwe si katikati ya mapaja, kwa sababu upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa hampati muda wa kutafuta gari. Anayechonga anyooshe mkono na kuzunguka pande zote na juu ya kichwa. Akimgusa mwenzake, mmoja ahame. Anayekabidhiwa kisu aseme “asante” kwa sauti ndipo anayetoa aachie. Na jioni visu vyote virudi kwako, uvihesabu kabla hawajaenda kula.