Kipimo kilisema maji yapo, kisima kikatoka kikavu

Pole sana; kuchimba mita 80 na kuambulia vumbi kunauma. Kipimo cha umeme wa ardhini hakioni maji, kinaona ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi navyo huonyesha ukinzani mdogo kama maji matamu, na hapo ndipo wengi huponzeka.

Usichimbe tena kabla ya kudai grafu zenyewe za kipimo, si karatasi ya hitimisho tu. Angalia waya zilitandazwa wapi: kwa kina hicho, kutoka katikati hadi elektrodi ya nje (kigingi cha chuma kinachoingiza umeme ardhini) iwe walau mita 160, mbali na uzio wa chuma. Kama ni mwamba mgumu, kupima nukta moja haitoshi. Ipimwe mistari kadhaa kutafuta ufa wenye maji. Tafsiri mwachie mwanajiofizikia (mtaalamu wa vipimo vya ardhini) anayeijua miamba ya hapo, si mwenye mtambo wa kuchimba.