Barua kwa mwanangu kuhusu treni ya Denver

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama hiyo California Zephyr, treni ya Marekani uliyoikatia tiketi, ndiyo ileile ya mwaka 1949. Jina ndilo, na njia kwa sehemu kubwa ndiyo. Treni yenyewe ilikufa, ikafufuliwa.

Ya kwanza ilianza tarehe 20 Machi 1949, Chicago hadi Oakland. Kampuni tatu za reli zilishirikiana, Burlington, Rio Grande na Western Pacific, kila moja ikiivuta kwenye reli yake. Kwa mbio wasingewaweza washindani wao waliopita jimbo la Wyoming, kwa hiyo wakauza mandhari. Ratiba ilipangwa milima ya Rocky na bonde la mto Feather huko California lipitwe mchana, jangwa la Nevada lipitwe usiku abiria wamelala. Mabehewa matano yalikuwa na kuba la vioo juu ya paa. Mimi niliyezeeka relini nalistaajabia hilo hadi leo. Sisi saa tulizipanga kwa kuangalia treni ya kupishana nayo na mzigo unaosubiri. Wao walipanga kwa kuangalia jua.

Ndege na barabara kuu zikawachukua abiria. Tarehe 22 Machi 1970 safari zikakoma.

Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha Amtrak kubeba abiria wa nchi nzima. Kampuni karibu zote zilijiunga, Rio Grande ikakataa, kwa kuwa haikutaka treni za wengine zibane mizigo yake milimani. Ikabaki na kitreni chake, Rio Grande Zephyr, kikitoka Denver kwenda Utah mara tatu kwa wiki, na makuba yake yaleyale. Kilidumu miaka kumi na mbili! Amtrak ikawa inazungukia Wyoming. Rio Grande iliporidhia Amtrak ipite kwake mwaka 1983, Aprili hiyohiyo mlima ukaporomoka huko Thistle, Utah, ukaizika reli. Ndiyo maana California Zephyr ya Amtrak, unayoipanda wewe, ilianza Julai.

Bonde la mto Feather hutaliona, siku hizi treni inapita njia ya milimani ya Donner. Lakini Denver utaondoka asubuhi, kama zamani. Usilale. Nenda mapema kwenye behewa la vioo, uwe umekaa kabla ya handaki la Moffat, lenye urefu wa kilomita 10, linalopita chini ya mgongo wa Rocky. Ukitokea upande wa pili, niandikie ulichokiona.

Baba yako