Bei ya maji ikipanda, nani huwa ametia sahihi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina ploti ya vyumba vinane vya kupangisha huku Pwani, mita ya maji moja tu. Wiki iliyopita nilinunua mahamri, nikafungiwa kwa ukurasa wa gazeti. Kuufungua nikakuta tangazo: kampuni yetu ya maji imeomba kupandisha bei ya maji na ya maji taka, na wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Mkutano ulikuwa umeshapita siku nne. Jirani yangu alihudhuria. Anasema aliandikishwa jina, akapewa soda, akaelezwa kwamba kuyaleta maji ni gharama. Mwakilishi wetu wa wadi naye anasema tusiwe na wasiwasi, atampigia gavana simu. Nataka kujua, nani hasa anayeamua? Na barua ya mtu kama mimi ina kazi, au ni kujichosha bure?
Mama wa vyumba vinane, Pwani

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo ukurasa wa mahamri usiutupe. Ukaushe mafuta, uusome tena chini kabisa. Utakuta tarehe ya mwisho ya kupokea maoni kwa maandishi, na pahali ambapo nyaraka za ombi zinaweza kusomwa. Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 139, inataka tangazo litoke gazetini na kwenye redio inayosikika eneo lenu, na tarehe hiyo isiwe chini ya siku 30 tangu tangazo litoke. Mkutano umekupita, lakini huenda siku zako bado zipo. Zihesabu leo hii.

Sasa, nani anaamua. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za maji na maji taka, na kampuni yenu ni mali ya kaunti. Ombi la kupandisha bei huanzia humo kwenye kampuni. Mhasibu na watu wa bili hupanga hesabu, bodi ya wakurugenzi huipitisha, kisha faili husafiri hadi Nairobi kwa Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, ile tunayoiita WASREB. Kifungu cha 72 cha sheria hiyo hiyo kimeipa WASREB kazi ya kuzipima bei na kuziidhinisha. Zikipita, huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Gavana anaweza kuibana kampuni yake kabla faili halijaondoka, na mwakilishi wa wadi anaweza kupiga kelele kwenye Bunge la Kaunti, na nawaomba wafanye hivyo. Lakini likishafika Nairobi, anayelipima anatazama karatasi zilizomo ndani. Simu haimo ndani.

Nayasema haya kwa kuwa faili kama hilo nimelifunga kwa mikono yangu. Nilifanya kazi miaka 19 kwenye kampuni moja ya maji, sitaitaja. Nilianza kwa kusoma mita, na kulabu yangu ya waya ya kuinulia kifuniko na kitambaa cha kufutia tope kwenye kioo, nikamalizia dawati la bili. Mwaka mmoja tuliitisha mkutano wa kupandisha bei katika ukumbi wa wadi. Walikuja watu kama 60. Mama mmoja muuza samaki alisimama, akasema bomba lililo nyuma ya kibanda chake linavuja mwezi wa saba sasa, ameripoti mara tatu, na watoto wanaliogelea. Akauliza: “Maji yale nayo mmeyatia kwenye hesabu, tuyalipe?” Ukumbi ulipiga makofi hadi msimamizi akaomba utulivu. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kusikia katika kazi ile.

Kwenye kumbukumbu za mkutano liliandikwa hivi: “Wananchi walielezwa umuhimu wa marekebisho ya bei na wakatoa maoni mbalimbali.” Basi. Mama wa samaki hakuwemo. Nilipopanga viambatisho nikakuta orodha ya waliohudhuria, picha nne za ukumbi, na barua tatu tu kutoka kwa wananchi wa mji mzima. Barua zile tatu hakuna aliyeweza kuzifupisha. Ziliingia zilivyo, na muhuri wa kupokelewa juu yake, na ikabidi kila moja ijibiwe kwa maandishi. Moja ilitoka kwa mwalimu mstaafu aliyetaka kujua mbona gharama ya mafuta ya magari imepanda na magari hayakuongezeka. Tulihangaika nayo siku mbili. Nilinyamaza siku zile kwa kuogopa kazi yangu, na bado inaniuma. Ndiyo maana leo nakuambia wewe: andika.

Uandike nini? Usianze na “maisha ni magumu”. Ni kweli, lakini kila mtu ataandika hivyo na jibu lake wanalo tayari. Anza na swali la mama wa samaki, kwa tarakimu.

Chukua mfano huu, nambari ni zangu za kufundishia tu. Kampuni inanunua yuniti 100 za maji kwa shilingi 20 kila moja. Hiyo ni shilingi 2,000. (Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.) Kati ya hizo 100, yuniti 45 zinapotea: bomba bovu, mita iliyokufa, mtu aliyejiunganishia usiku. Zinazouzwa ni 55. Shilingi 2,000 ukizigawa kwa 55, kila yuniti inayofika kwako imeshabeba zaidi ya shilingi 36 kabla ya mshahara wa mtu yeyote. Zikipotea 25 tu, ungebeba kama shilingi 27. Zile tisa na ushei za katikati unamlipia aliyeiba na bomba lililooza. Na usidhani nimetia chumvi kwenye 45. Ripoti za WASREB zenyewe kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni zetu nchini hayaleti senti, ilhali bodi hiyo inahesabu upotevu unaovumilika kuwa usiozidi asilimia 25. Kwa hiyo uliza: upotevu wetu ni asilimia ngapi mwaka huu, ulikuwa ngapi bei ilipopanda mara ya mwisho, na waliahidi nini? Idhini ya bei huja na masharti ya namna hiyo. Wakiwa hawakuyatimiza, sema hivyo kwenye barua.

Haki niiseme pande zote. Maji ya Pwani ni ghali kuyaleta, hilo jirani yako hakudanganywa. Bomba la Mzima limekuwa likileta maji Mombasa tangu 1957, kutoka chemchemi zilizo ndani ya Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Yale ya Baricho hutolewa kwenye visima kando ya Mto Sabaki na husukumwa kwa umeme mchana na usiku. Kampuni za kaunti hazimiliki vyanzo hivyo. Huyanunua maji kwa jumla kutoka shirika la serikali kuu. Umeme wa Baricho umewahi kukatwa kwa sababu ya deni, na aliyekuwa Malindi, Kilifi au Mombasa siku hizo anakumbuka foleni za mitungi. Bei isiyotosha nayo hutufikisha pale pale, na masikini ndiye hununua mtungi kwa mkokoteni kwa bei ambayo mwenye mfereji hajawahi kuilipa. Sikuambii uandike “hatutaki”. Andika “tutalipia hiki, hiki hatulipii, na sababu ni hii”.

Sasa ploti yako, na hapa nisikilize vizuri maana ndipo pesa zako zilipo. Bei za maji zimepangwa kwa ngazi. Kwa kawaida ngazi ya kwanza ni yuniti 6 za mwanzo kwa mwezi, na imewekwa nafuu ili kila nyumba ipate maji ya kunywa, kupika na kuoga. Kadiri unavyotumia zaidi, yuniti inazidi kuwa ghali, ili mwenye bustani na bwawa alipe zaidi. Ni mpango mzuri. Ila mita haijui kuhesabu watu. Wapangaji wako wanane wakitumia yuniti 5 kila mmoja, kila nyumba iko ndani ya ngazi ya nafuu. Mita yako inasoma 40. Kompyuta inakuona wewe ni tajiri mmoja mwenye kiu kubwa, inakupandisha hadi ngazi za juu. Nimezitoa bili kama hizo kwa mamia, za ploti za mabati zinazolipa zaidi kwa kila yuniti kuliko nyumba yenye ukuta na geti.

Dawa ipo na inajulikana. Kampuni kadhaa tayari zina kundi la bei la nyumba za wapangaji wengi, lenye bei moja isiyopanda ngazi. Tazama kwenye jedwali la ombi kama kampuni yenu imelitia. Ikiwa halimo, hilo ndilo ombi lako la kwanza kwenye barua: idadi ya vyumba, idadi ya kaya, yuniti za miezi 6 iliyopita, na nakala za bili zimeambatishwa. Wapangaji wako wote watie sahihi, kila mmoja na namba ya chumba chake. Peleka nakala mbili, moja wapokee, ya pili wakugongee muhuri urudi nayo nyumbani.

SWALI: Mama, mimi nina mita ya maji tu. Sijawahi kuona mita ya maji taka, lakini kwenye bili naona yanatozwa. Wanapimaje? Na kwenye tangazo wanasema asilimia itabaki ile ile, basi mbona wanasema bei ya maji taka inapanda?
Mpangaji wa ghorofani, Mombasa

JIBU: Hawapimi. Wanakisia kwamba maji yaliyoingia kwako mengi yatatoka kwa mfereji wa taka, kwa hiyo wanatoza sehemu ya maji uliyotumia. Nairobi, kwa mfano, kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 75. Ndiyo maana asilimia haihitaji kuguswa. Bili ya maji ikipanda kutoka shilingi 400 hadi 600, asilimia 75 yake inatoka 300 hadi 450 bila mtu kuandika neno “maji taka”. Unaposoma jedwali la ombi, hesabu zote mbili pamoja, ndipo utaiona nyongeza yako halisi.

Na hakikisha kwamba nyumba yako imeunganishwa kweli. Mjini kwetu majengo mengi yana shimo lake, na mwenye nyumba huita lori la kunyonya. Kama maji yako yanaishia shimoni na bado unatozwa maji taka kwenye bili, nenda ofisini na bili, uombe fundi aje akague. Akithibitisha, dai kurudishiwa kwa kuingizwa kwenye akaunti. Wakati wangu nilirekebisha kadhaa za aina hiyo, na nyingi zilikuwa zimekaa miaka kwa sababu mwenye akaunti aliitazama jumla tu, mistari ya juu hakuisoma.

SWALI: Kwetu bei imeshapanda. Sikusikia redio, sikuona gazeti, hakuna aliyeniita. Nimechelewa?
Kijana wa Bonde la Ufa

JIBU: Umechelewa kwa maoni, hujachelewa kwa ukaguzi. Waandikie kampuni ukiomba mambo matatu: namba na tarehe ya Gazeti Rasmi lililotangaza bei hizo, ripoti ya ushirikishwaji wa umma, na masharti waliyopewa na WASREB. Taja kwenye barua Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kukujibu. Wakikaa kimya, malalamiko ya kunyimwa habari hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ya Ombudsman. Bili yenyewe ikiwa haifanani na bei zilizochapishwa, lalamika kwa kampuni kwanza, kisha WASREB. Ukiona uamuzi wenyewe wa WASREB una kasoro, kuna Mahakama Maalumu ya Maji chini ya sheria hiyo ya 2016. Huko nenda na wenzako, na mkiweza na wakili.

Mama wa vyumba vinane, nimerudi kwako. Ukimaliza barua, niletee nakala kabla hujaipeleka. Nitakukagulia hesabu ya zile yuniti, na nitakuandikia pembeni namna ya kumtaja yule wa bomba linalovuja, maana najua na mtaani kwenu yupo.