Maji ya choo yanapanda badala ya kushuka: fungua chemba kabla ya kumwaga chochote

SWALI: Fundi, habari za kazi. Choo changu cha kukaa hakivuti. Nikiflashi, maji yanapanda hadi karibu na ukingo, yanakaa, kisha yanashuka polepole kwa dakika kama tano. Nimeweka kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, mara tatu. Juzi kijana mmoja alileta maji makali ya betri, akamimina kama nusu lita. Kikakaa sawa siku mbili, kimerudi palepale. Sasa ananiambia asidi ilikuwa kidogo, tuongeze. Nimepanga Tabata, tuko familia tatu uwanja mmoja. Nifanyeje?

JIBU: Dada, usikubali aongeze. Na tangu asidi imwagwe, usiguse mpira wa kuzibulia mpaka uwe umepitisha maji safi ya kutosha: ndoo nne au tano, mojamoja, ukisubiri kila moja ishuke. Mpira hurusha maji, na maji hayo yakikuingia jichoni yakiwa na asidi au kostiki, huo si mchezo.

Tangi la kuflashia liache lilivyo. Maji yangekuwa machache yasingepanda hadi ukingoni. Yanafika, ila njia imebana, na kazi yote iliyobaki ni kujua imebana wapi. Jibu liko kwenye chemba, kile kisanduku cha zege nje ya ukuta wa choo, chenye mfuniko wa kushika kwa nondo. Kwenye nyumba nyingi za kupanga kimefukiwa na mchanga au kimewekewa madumu juu, na mafundi wa kumimina dawa za chupa hawakitafuti kwa sababu kukifungua ni kazi ya jasho.

Kifungue. Mtu mmoja asimame hapo, mwingine amimine ndoo ya lita 10 kwenye sinki la choo kwa mkupuo mmoja. Chemba ikiwa tupu na maji yanachuruzika tu, kizuizi kiko kati ya sinki na chemba, na hilo ni lako peke yako. Chemba ikiwa imejaa maji yaliyosimama, kizuizi kiko mbele, kuelekea septiki, na wenzako wawili watakipata karibuni kama bado. Waulize: vyoo vyao vinavuta? Maji ya bafuni kwao yanabwabwaja pale wewe unapoflashi? Hapo umeshajua nusu ya ugonjwa bila kutoa hata senti.

Sasa hii dawa. Kila wiki naletewa choo ambacho tayari kimenyweshwa kostiki, na kila mara maelezo ni hayohayo: "ilisaidia kidogo". Kostiki hula mafuta na nywele. Kwa bomba la sinki la jikoni ina hoja, japo hata huko ikikutana na mafuta mengi hugeuka sabuni ngumu na kuganda humohumo. Lakini kinachoziba choo si mafuta. Ni pedi, pampasi, waipsi za watoto, kitambaa cha kupigia deki, mswaki, kifuniko cha dawa ya meno. Pedi imefunikwa kwa plastiki na ndani ina chembe zinazonywa maji na kuvimba. Mwagia kostiki kilo nzima, plastiki ile itabaki vilevile.

Basi kwa nini kilifanya kazi siku mbili? Kwa sababu karatasi na uchafu laini uliokuwa umejikusanya juu ya kile kitu ulilainika na kupita. Kitu chenyewe hakikutoka. Kimebaki kimenasa kwenye kona, na karatasi mpya zikaanza kujishika hapohapo. Ukiongeza asidi utapata siku mbili nyingine, na huyo kijana atapata malipo mengine.

Kibaya zaidi ni kwamba uliweka kostiki mara tatu, kisha asidi ikafuata. Vitu hivi viwili vikikutana kwenye bomba lililoziba huchemka na kuruka juu. Hapo ulinusurika, na sisemi hivyo kukutisha. Mtu mwingine angemalizia na jiki ili kuondoa harufu, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ndani ya choo cha mita moja na nusu chenye kidirisha kimoja. Usichanganye. Hata kama kimoja kiliwekwa asubuhi na kingine jioni, maji yakiwa hayajapita bado umechanganya.

Sinki la kauri huvumilia asidi, ndiyo maana watu hudhani hakuna kilichoharibika. Nenda ukaangalie chemba. Asidi hula saruji. Utaona plasta ya sakafu ya chemba imekuwa mchanga unaobomoka kwa kidole, na mchanga huo huenda kuketi kwenye bomba la mbele. Joto nalo hulegeza bomba la plastiki, hasa zile nyepesi zinazonunuliwa kwa bei ya chini. Likilegea chini ya vigae huinama, na bomba lililoinama halitazibuka kwa dawa yoyote. Hapo ni kuvunja sakafu.

Kama ndoo ilionyesha kizuizi ni kati ya sinki na chemba, anza na mpira wenye ulimi wa ndani unaoingia kwenye tundu la choo, si ule bapa wa sinki la jikoni. Maji yafunike mpira wote. Msukumo wa kwanza uwe wa taratibu ili hewa itoke, kisha sukuma na kuvuta mara 15 hadi 20 bila kuuinua. Nguvu iwe kwenye kuvuta: unataka kitu kirudi, maana ukikisukuma mbele kinakwenda kunasa pabaya zaidi. Mizunguko mitatu ikishindwa, acha.

Kinachofuata ni waya wa springi au fito za kuzibulia, na fundi aingie kutokea kwenye chemba kurudi ndani, ili kitu kivutwe kutoka. Fito zizungushwe upande mmoja tu, ule wa kukaza. Akizungusha kinyume zinafunguka na kipande kinabaki ndani. Waya ukigoma ndani ya sinki lenyewe, sinki ling'olewe. Watu huogopa hatua hii, lakini ni kufungua skrubu mbili au kukata simenti ya chini, kulilaza, na kukitoa kitu kwa mkono wenye glovu. Likishatoka, mulika bomba la inchi 4 kwa tochi. Mara nyingi utakuta ukingo wa simenti iliyodondoka ndani siku ya kufunga choo, imeganda kama jino, na kila karatasi inanasa hapo. Ing'olewe kabla sinki halijarudi.

Kama chemba ilikuwa imejaa, utaambiwa uite gari la kunyonya majitaka. Subiri kwanza. Septiki huwa imejaa maji siku zote, ndivyo ilivyojengwa. Kinachotazamwa ni usawa wake. Maji yakiwa chini ya bomba la kuingilia, septiki haina kosa na kizuizi kiko kwenye bomba kati yake na chemba. Yakiwa yamelizamisha bomba la kuingilia, kuna mambo mawili: bomba la kutokea limeziba kwa tope au utando, au shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji yanayotoka septiki, halinyonyi tena. Masika, kwenye mabonde na udongo wa mfinyanzi, shimo hilo hujaa maji ya ardhini, na gari litakuondolea shida kwa siku chache tu kabla hayajarudi. Tope lenyewe hupimwa kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe: ushushe hadi chini, utoe, utazame alama nyeusi. Ikifika theluthi ya kina, gari linahitajika kweli. Fanya hivyo ukiwa umesimama juu, watoto wakiwa mbali na bila moto. Mtu yeyote asiingie kwenye septiki hata kama imenyonywa, na asiingize kichwa kutazama. Hewa ya mle huangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeruka kumwokoa hubaki naye.

Kama choo kikizibuka na kuziba tena ndani ya mwezi, na hakuna anayetupa pedi wala waipsi, dai mteremko upimwe. Bomba la inchi 4 linataka kushuka sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Fundi aweke pima maji juu ya bomba lililo wazi. Akisema "naona kwa macho", atafutwe mwingine. Hilo ni gharama ya mwenye nyumba, kwa hiyo piga picha chemba ikiwa wazi na umtumie.

Na fundi asilipwe choo kikivuta mara moja tu. Chemba ibaki wazi, zimwagwe ndoo tatu za lita 10 mfululizo, ya mwisho ikiwa na karatasi ya choo kama mita mbili. Zote zifike kwenye chemba kwa kishindo, karatasi nayo ionekane ikipita, na maji ya sinki yasipande. Kitu kilichotolewa akuonyeshe. Kama hana cha kukuonyesha, bado kimo ndani.