Rangi ya chasisi kwa gari linaloshuka Natron

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser ya kubeba wageni, kazi yake kubwa ni Ngorongoro na Ziwa Natron. Mwaka jana nilikwangua kutu kwenye chasisi nikapaka rangi ya mafuta nyeusi, mikono miwili. Haikumaliza miezi minane, sasa inabanduka vipande vipande na chini yake kutu imerudi. Wenzangu wengine wanasema nipake oili chafu, wengine lami. Nipake nini kidumu? – Dereva, Arusha

JIBU: Marahaba. Kwanza nikueleze kilichoiua rangi ya mwaka jana, maana bila kukijua utanunua nyingine na kurudi palepale.

Vumbi la Natron, na lile la kando ya Ziwa Magadi kule kreta ya Ngorongoro, limejaa magadi. Ni ndugu wa yale tunayotia kwenye makande ili yaive haraka. Maji ya Natron pH yake (kipimo cha uasidi na ubesi) hupita 10, yaani ni ya magadi makali. Rangi ya mafuta nayo imeundwa na mafuta ya mimea, na mafuta yakikutana na magadi na unyevu hugeuka sabuni. Magadi yalijibana kwenye pembe za chasisi, tope likayalowesha, rangi ikalainika na kuachia chuma. Hata ungepaka mikono mitano, mwisho ungekuwa huohuo.

Kwa hiyo paka epoksi ya makopo mawili, rangi na hadna yake (kigandishi). Magadi hayaigeuzi sabuni, na inashika chuma vizuri kuliko rangi nyingi za kopo moja. Usiitafute kwenye maduka ya rangi za bodi tu. Uliza wanaouza rangi za matangi, mitambo na meli, uombe epoksi nzito ya kupakwa kwenye chuma kilichosafishwa kwa mkono. Kasoro yake ni jua: linaifanya ichuje na kutoa unga. Chini ya gari, hilo si neno, ila bampa na ngao ya mbele zimalizie kwa poliyurethani, rangi inayostahimili jua. Hiyo usiipulize bila kinga sahihi ya kupumulia, hadna yake inaharibu mapafu.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu. Usianze na grenda. Anza na maji safi na sabuni, osha hadi ndani ya pembe, kisha suuza tena. Ukisaga chuma chenye magadi na grisi unavisugulia ndani ya mikwaruzo. Gari likikauka, futa grisi kwa tina na kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Dizeli usitumie, inaacha utando. Halafu ndiyo brashi ya waya na msasa namba 80. Ukimpata mtu wa kupiga mchanga kwa kompresa, bora zaidi, ila azibe breki, sili na matundu ya chasisi.

Shika nyundo ndogo, ugonge chasisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kikitoa sauti ya debe lililojaa mchanga, hapo pameliwa, na hapo panahitaji kuchomelewa kabla ya kuwaza rangi. Gonga kwa makini zaidi kwenye vishikio vya springi za nyuma.

Pima rangi na hadna kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoacha rangi ikinata wiki nzima. Changanya kidogo kidogo, kwa joto letu inaganda upesi. Vaa glavu. Mkono wa kwanza paka ya kijivu, ukianza kwa brashi kwenye mistari ya welding na kingo, kwa sababu rangi hukimbia kingo. Mkono wa pili paka nyeusi: kijivu kikichungulia unajua umeruka. Mikono miwili ikikupa unene wa mikroni 200 hivi (sehemu ya tano ya milimita) inatosha. Muda wa kupaka juu ukipita ule wa kwenye kopo, paruza kwa msasa kwanza.

Lami naikataa kabisa kwa gari lako. Ikipata ufa hata mmoja, maji ya magadi yanaingia nyuma yake na hayatoki, na wewe kwa nje unaona weusi mzuri tu. Niliwahi kupokea pikapu iliyopakwa lami na gereji moja. Nilisukuma bisibisi kwenye ule weusi, ikazama ndani ya chasisi. Oili chafu nayo inakula bushi za mpira, inashika vumbi, inadondoka ardhini hifadhini, na siku ukitaka kupaka rangi ya kweli haitashika.

Usisahau ndani. Chasisi ya Land Cruiser ni boksi, na kutu mbaya huanzia ndani yake. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu, suuza hadi maji yatoke meupe, acha siku kadhaa pakauke, kisha puliza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi.

Kabla ya kupaka, ziba kwa utepe nipo za grisi (vichuchu vya kutilia grisi), mipira ya breki, shokapu na propela shafti. Ekzosi iache, epoksi haiwezi joto lake. Na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu mbele kulia usiizike kwa rangi nzito. Ipake nta tu, ukaguzi ukifika isomeke.

Baada ya kila safari ya Natron, osha chini kwa maji matupu siku hiyohiyo, kabla tope halijakauka. Jiwe likichubua rangi, usingoje service: msasa, futa, brashi na epoksi kidogo.