Asipokufa mtu, nani atarithi kibanja?

Dada wa Jinja, umesema riwaya yako ya vijana, ile ya nchi ambako kidonge kimefuta kifo na kuzaa kumekuwa kosa la jinai, imekwama sura ya pili. Mimi ningeikata maabara yote. Msomaji wa miaka 15 hana haja na kemia.

Anzia kwenye ardhi. Buganda, siku ya kumaliza olumbe, yaani msiba wa marehemu, mrithi huvishwa lubugo, kitambaa cha gome la mti, na kukabidhiwa mkuki mbele ya ukoo. Sasa mpe shujaa wako miaka 17, na babu wa miaka 190 ambaye bado anapalilia migomba yake mwenyewe, na mkuki umeegemezwa nyuma ya mlango ukiota kutu. Ugomvi huo hapo, hata polisi hujawaita.

Halafu Walumbe, yule anayeitwa Kifo katika ngano ya Waganda, unaye bure kabisa! Nambi, mke wa Kintu, mtu wa kwanza, alirudi mbinguni kuchukua ulezi wa kuku wake, kifo kikamfuata duniani. Kwako geuza: nani atathubutu kurudi kumwita?

Yule mtoto aliyezaliwa kwa siri usimfanye malaika. Awe mdokozi kidogo, mwenye mdomo. Ukishaandika upya sura ya kwanza, ilete hapa tuisome.