Buti lina manyoya, mbona vidole vinakufa ganzi?

SWALI: Dada, mi ni mpagazi Kilimanjaro, buti langu lina manyoya ndani lakini usiku tukitoka kambi ya Kibo kwenda kilele cha Uhuru vidole vinakufa ganzi, shida nini?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Shida ni jasho. Manyoya yenyewe hayana joto, kinachokulinda ni hewa iliyonaswa humo, sasa mguu ukitoa jasho kutwa nzima maji yanakaa mahali pa hewa, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ukifika Kibo vua soksi, futa mpaka katikati ya vidole, vaa za sufu kavu, za pamba achana nazo kabisa, zikilowa hazikauki. Soli ya ndani itoe, ingia nayo kwenye slipingi begi. Kamba usikaze sana, damu ipite. Vidole vikiwa vyeupe na huvisikii, mwambie kiongozi hapohapo, mshuke.